Vitafunio vya Biskuti za Chumvi Bila Kuwasha Jiko: Mwongozo kwa Anayeanza

Kila msimu wa sherehe ukikaribia, maswali huwa ni yale yale. Niandae vingapi? Naweza kuvipanga tangu asubuhi? Mbona biskuti zinalainika kabla wageni hawajafika? Nimeona heri niyajibu yote mahali pamoja, kwa utaratibu, ili hata kama hujawahi kuandalia watu zaidi ya wanne, uweze kujaza sinia mbili tatu na bado ubaki na nguvu za kukaa na wageni wako.

Jambo moja lishike tangu sasa, maana hatua zote zinalitegemea. Biskuti ya chumvi inapendwa kwa sababu inavunjika kwa mlio ikiingia kinywani. Ikishanyonya maji, basi tena. Hata kilicho juu yake kiwe kitamu vipi, mgeni ataona kama anatafuna karatasi iliyolowa. Kwa hiyo kazi yako kubwa hapa ni kutenganisha kikavu na chenye maji mpaka dakika za mwisho. Ladha zenyewe ni rahisi kuzipata.

Vya kuwa navyo kabla hujaanza

Vifaa ni vichache: kisu chenye makali, ubao wa kukatia, mabakuli matatu, uma, kisu butu cha kupakia, chujio, tishu za jikoni za kutosha, na sinia au trei bapa. Tafuta pia vyombo vyenye mifuniko inayobana kwa ajili ya kuweka kwenye friji. Gireta na mfuko safi wa nailoni wa kuhifadhia chakula vitakurahisishia kazi, ila si lazima.

Kwa wageni 20 watakaokula mlo kamili baadaye, andaa hivi:

- biskuti za chumvi 120, zenye upana wa sentimita 5 hivi
- jibini laini ya kupaka, gramu 200
- tuna wa kopo, makopo 2 ya gramu 150 hadi 170 kila moja
- maharage yaliyokwisha kupikwa, kopo 1 la gramu 400
- mayonezi, vijiko vikubwa 3
- mafuta ya zeituni, vijiko vikubwa 2
- malimau 2
- tango 1, nyanya ndogo za mviringo 15, na zeituni 15 zilizotolewa kokwa
- vitunguu vya majani fungu 1, kitunguu maji kidogo 1, kitunguu saumu punje 1
- pilipili manga na jira ya unga
- siagi kidogo (nitaeleza matumizi yake)

Biskuti zenyewe zichague kwa makini, maana hapo ndipo wengi wanapokosea dukani. Chukua zisizo na ladha nyingine zaidi ya chumvi, zenye unene wa kutosha. Zile nyembamba sana hupasuka ukizipaka, na zenye vitunguu au pilipili tayari hushindana na utakachoweka juu. Pakiti usizifungue mpaka saa ya kupaka, na usizitie kwenye friji, kwa sababu mle kuna unyevu na biskuti kavu hunyonya unyevu haraka sana.

Kabla hujanunua chochote, waulize wageni kuhusu mzio. Katika orodha hii kuna ngano, maziwa, samaki, na mayai ndani ya mayonezi, na biskuti nyingine huwa na ufuta. Kama yupo mjamzito, soma kifungashio cha jibini uhakikishe maziwa yake yalipashwa moto kuua vijidudu. Jibini laini ya maziwa mabichi si ya kumpa.

Hatua kwa hatua

1. Hesabu vipande, usihesabu wageni tu. Kama kuna mlo baadaye, vipande 4 hadi 6 kwa mtu vinatosha. Kama vitafunio ndivyo chakula chenyewe, panga 10 hadi 12. Wageni 20 kwa vipande 5 ni vipande 100. Hizo biskuti 20 za ziada ni kwa sababu karibu kila pakiti ina zilizovunjika, na wewe mwenyewe utahitaji za kuonjea.

2. Chagua aina tatu, ukome hapo. Anayeanza hutamani kuonyesha aina saba. Matokeo yake ni mabakuli saba, visu saba, na dakika 40 za mwisho zenye jasho. Aina tatu zinatosha ukizichagua vizuri: moja ya maziwa, moja ya samaki au nyama, na moja isiyo na kitu chochote cha mnyama. Kwa mpango huo, karibu kila mgeni hapati taabu ya kuuliza ale kipi. Wa mzio wa ngano mtafutie biskuti zake, na umwekee sahani yake mbali na nyingine ili chembe zisichanganyike.

3. Onja biskuti kavu kwanza. Itafune taratibu, upime chumvi yake. Biskuti ina chumvi, jibini ina chumvi, zeituni ina chumvi, na tuna wa kopo mara nyingi anayo pia. Ukionja mchanganyiko kwa kijiko utaona umepooza, utaongeza chumvi, halafu ukiuweka juu ya biskuti unakuwa mkali. Kanuni yangu ni kwamba mpako wowote unaonjwa ukiwa juu ya biskuti yake, na chumvi ndiyo inatiwa mwisho kabisa. Mara nyingi haihitajiki.

4. Tengeneza mipako usiku wa kuamkia sherehe. Mipako yote mitatu hukaa vizuri kwenye friji, na ladha zake hupata muda wa kuingiana.

*Jibini na limau.* Iache jibini nje ya friji nusu saa ilainike. Iponde kwa uma, kisha tia ganda la nusu limau lililoparuzwa kwa gireta (sehemu ya njano tu, ile nyeupe ni chungu), vitunguu vya majani vilivyokatwa vidogo sana, vijiko vikubwa 2, na pilipili manga. Usitie maji ya limau hapa. Yanailegeza jibini, nawe unaitaka isimame. Itatosha biskuti 35 hivi.

*Tuna.* Mmwage kwenye chujio, kisha mkandamize kwa mgongo wa kijiko. Ukidhani amekauka, mkandamize tena, maana maji hayaachi kutoka kirahisi. Kata nusu ya kitunguu maji vipande vidogo kabisa, uviloweke kwenye maji baridi dakika 10 ili ukali upungue, uvichuje na kuvikausha kwa tishu. Changanya na tuna, mayonezi vijiko vikubwa 3, maji ya limau kijiko cha chai 1 na pilipili manga. Anza na mayonezi vijiko viwili, kile cha tatu kiongeze ikiwa mchanganyiko haushikamani. Hapa unapata biskuti 33 hadi 35.

*Maharage.* Yachuje, yasuuze kwa maji safi, yaache yakauke. Yaponde kwa uma pamoja na mafuta ya zeituni, maji ya limau kijiko kikubwa 1, jira robo kijiko cha chai, na kitunguu saumu kilichosagwa. Punje iwe moja tu, tena ndogo. Kitunguu saumu kibichi huzidi ukali kikilala, na kesho yake kinaweza kufunika kila kitu. Acha mchanganyiko uwe na vibonge vidogo vidogo, hunoga zaidi kuliko ukiwa uji. Unatosha biskuti 30.

Hapa kuna onyo ambalo silipitii juu juu. Maharage yawe ya kopo, yaliyokwisha kupikwa. Maharage makavu yaliyolowekwa tu hayaliwi, na hasa yale mekundu yana sumu ya asili inayoondolewa na kuchemshwa sawasawa. Kuloweka hakutoshi.

5. Kausha kila chenye maji. Ukiwa na haraka, harakisha kwingine kote, si hapa.

Tango lipasue kwa urefu, kisha pitisha kijiko katikati ukwangue mbegu zote na ule ute wake. Kata vipande vya nusu mwezi vya milimita 3, uvitandaze juu ya tishu na kunyunyiza chumvi kidogo mno. Subiri dakika 15. Utaona matone yakijitokeza juu ya kila kipande, moja moja kwanza, halafu uso mzima unang'aa. Hayo ndiyo maji ambayo yangeshuka kwenye biskuti yako. Weka tishu nyingine juu, ukandamize kwa kiganja, ukipenda rudia.

Nyanya ndogo zikate nusu, uzilaze uso ukitazama chini juu ya tishu kwa dakika 10. Zeituni zikate pete tatu tatu na kuzifuta, kwa kuwa huja na maji yake ya chumvi. Majani yoyote ya kupambia yakishaoshwa yakaushwe kabisa. Tone moja tu lililojificha kwenye jani linatosha kuharibu biskuti.

6. Hifadhi kila kitu peke yake. Mipako kwenye vyombo vyenye mifuniko, mapambo kwenye vyombo vyake vilivyotandikwa tishu chini, biskuti kwenye pakiti zake. Friji iwe na baridi ya nyuzi 4 za Selsiasi au chini ya hapo.

7. Toa jibini nusu saa kabla ya kupaka. Jibini iliyotoka kwenye baridi ni ngumu, na ukiilazimisha ndiyo inayovunja biskuti. Tuna na maharage havihitaji kusubiri, vitoe saa ya kuvitumia.

8. Paka dakika 30 kabla ya wageni, si mapema zaidi. Ilaze biskuti juu ya ubao, usiishike hewani. Weka kijiko cha chai cha mpako katikati, kisha usukume kuelekea pembeni kwa kisu butu, ukiacha ukingo wa milimita 3 au 4 bila kitu ili vidole vipate pa kushika. Kusukuma kutoka katikati kunavunja biskuti chache kuliko kuburuza kutoka ukingo mmoja hadi mwingine.

Kama mkono wako hauna subira, tia mpako wa jibini kwenye mfuko wa nailoni, ukate ncha ya kona moja, ukamue kitone kimoja juu ya kila biskuti. Unamaliza biskuti 30 kwa dakika chache na zote zinafanana. Kwa tuna njia hii haifai, vitunguu vitaziba tundu.

Sasa ile siagi. Mafuta na maji havipatani, kwa hiyo tabaka jembamba la siagi iliyolainika, likipakwa chini ya tuna au maharage, huzuia maji yasifike kwenye biskuti haraka. Linakuongezea muda kidogo, nao muda huo ni wa thamani wageni wakichelewa. Kwa jibini huna haja, ina mafuta yake ya kutosha. Na ukimwahidi mgeni kwamba maharage hayana kitu cha mnyama, ruka siagi na uzipake hizo mwisho kabisa.

9. Pambo moja kwa kila biskuti. Tango kwa jibini, pete ya zeituni kwa tuna, nusu nyanya kwa maharage. Kitafunio kizuri huliwa kwa mng'ato mmoja au miwili, kwa mkono mmoja, na mtu akiwa amesimama huku anazungumza. Ukirundika vitu vitatu juu, cha kwanza kinaanguka kwenye nguo.

10. Toa kwa awamu. Usipange vipande vyote 100 kwa pamoja. Anza na 40, na vikikaribia kuisha paka vingine 30. Dakika kumi zinatosha ukiwa umekwisha kukata kila kitu. Sinia ndogo inayojazwa tena na tena huvutia kuliko kubwa iliyochakaa nusu.

Angalia na saa. Vyakula vyenye jibini, mayonezi au samaki visikae nje ya friji zaidi ya saa mbili kwa jumla, na joto likizidi nyuzi 32 ni saa moja tu. Muda wa kupaka nao unahesabiwa. Hii ndiyo sababu nyingine ya kutoa kwa awamu.

Tuseme sherehe inaanza saa 12 jioni. Mipako umeimaliza usiku uliotangulia. Saa 10 unakata na kukausha, saa 11 unatoa jibini na siagi na kupumzika kidogo, saa 11 na nusu unapaka awamu ya kwanza.

Ukikosa jibini, au ukitaka kubadilisha

Mbadala ninaoupenda kuliko wote ni mtindi uliochujwa. Chukua gramu 500 za mtindi usioondolewa mafuta, usio na sukari, changanya na chumvi nusu kijiko cha chai, umimine kwenye kitambaa safi kilichotandazwa juu ya chujio, na chujio lenyewe juu ya bakuli. Funika, uache kwenye friji usiku kucha. Asubuhi bakuli lina maji ya kijani kibichi cha mbali, na kwenye kitambaa kuna kitu kizito, cheupe, chenye uchachu mzuri, kinachopakika kama jibini. Kinabaki karibu nusu ya ulichoweka. Kipake, kifanyie shimo dogo kwa mgongo wa kijiko, utie tone la mafuta ya zeituni na jira kidogo. Mara nyingi hii ndiyo biskuti ambayo watu huulizia ilivyotengenezwa.

Parachichi ni tamu lakini halina subira. Nyama yake hubadilika kuwa ya kahawia ikikutana na hewa. Maji ya limau huchelewesha hali hiyo, hayaizuii. Ukilitaka, liponde dakika za mwisho, ulitie limau, na kinachobaki kifunike kwa nailoni iliyogusana na uso wake kabisa ili hewa isipate nafasi. Usilitengeneze usiku uliotangulia.

Nyama iliyokwisha kupikwa na kukatwa nyembamba inafaa pia, ikiwekwa juu ya siagi na haradali kidogo. Ikate vipande vidogo kuliko biskuti. Kipande kirefu hakikatiki kwa meno, mgeni huvuta chote kwa mara moja na biskuti inabaki tupu.

Mambo yakienda mrama

*Biskuti zimelainika kabla hazijapakwa.* Pakiti ilifunguliwa mapema. Ukiwa na ovena, zitandaze kwenye trei kwa nyuzi 150 dakika 5, kisha ziache zipoe kabisa, zitakauka tena. Hapo jiko limehusika, ndiyo, ila ni bora kuliko kuzitupa. Usizipake zikiwa za moto.

*Mpako wa tuna umekuwa majimaji.* Hukukandamiza vya kutosha. Saga zile biskuti zilizovunjika, utie unga wake kijiko kimoja kimoja mpaka ushikamane. Tumia mara moja, maana unga huo utaendelea kunyonya na mwisho mchanganyiko utakuwa mgumu.

*Jibini imelegea na inateleza.* Imekaa kwenye joto au ilitiwa maji ya limau. Irudishe kwenye friji dakika 20. Ikikataa kusimama, iweke kwenye bakuli dogo katikati ya sinia, uzungushie biskuti kavu, wageni wachote wenyewe. Mpango huu nakushauri pia kama unaandaa peke yako na wageni ni wengi.

*Chumvi imezidi.* Usiongeze sukari. Kwa jibini, changanya mtindi mzito usio na chumvi. Kwa tuna au maharage, ongeza limau kidogo na uweke tango ambalo hukulitia chumvi, ukalikausha kwa tishu pekee.

*Biskuti zinavunjika kila ukipaka.* Mpako bado wa baridi, au biskuti ni nyembamba mno. Ulainishe mpako kwanza. Zikiendelea kuvunjika, acha kupaka, weka kitone katikati na kukiminya kidogo kwa pambo lenyewe.

*Harufu ya kitunguu inatawala sinia nzima.* Hakikulowekwa, au kilikatwa vipande vikubwa. Ongeza tuna au maharage mengine kama unayo, na tenga aina hiyo kwenye sinia yake.

*Wageni wamechelewa na sinia iko tayari.* Vyenye jibini na tango vitasubiri kidogo. Vya nyanya ondoa nyanya haraka, urudishe kwenye tishu. Funika sinia kwa kitambaa kikavu, si kwa nailoni, kwa sababu nailoni hufungia unyevu ndani, na uache kupaka vilivyobaki mpaka umsikie mgeni wa kwanza mlangoni. Ile saa mbili nayo inaendelea kuhesabiwa.

*Vimebaki.* Vilivyopakwa na kupitisha muda wake nje, tupa bila huruma. Mipako iliyobaki kwenye friji bila kuguswa inafaa kwa siku 3 hivi, ukiipaka kwenye mkate au kuichanganya na saladi. Biskuti kavu zitie kwenye kopo lenye mfuniko unaobana siku hiyo hiyo, kabla hujalala.